Je, kipimo cha luminositi katika LHC kinajizunguka chenyewe?

Swali hili kuhusu LHC, mashine ya kugonganisha protoni iliyo katika kituo cha utafiti wa chembe cha CERN, limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita: "Katika kigonganishi cha LHC tunaambiwa idadi ya matukio ni luminositi mara eneo la mgongano. Luminositi inapatikana kwa kuhesabu matukio. Eneo la mgongano nalo linapatikana kwa kugawa matukio kwa luminositi. Wanafunzi wameniuliza kama hapa hatuzunguki tu, nami sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Halafu inakuwaje kosa la kipimo liwe chini ya 1%?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kama luminositi, yaani kipimo cha nafasi za kugongana ambazo mashine inatoa kwa kila eneo kwa sekunde, ingejulikana kwa kuhesabu matukio peke yake, tungekuwa tunazunguka kweli, na hakuna hesabu ya takwimu ambayo ingetuokoa. Kinachotutoa ni kipimo kimoja kinachofanywa kando, kwa kawaida mara moja kwa mwaka kwa kila nishati ya migongano. Katika kipimo hicho luminositi hupatikana kutokana na mambo mawili tu: wingi wa protoni zinazozunguka, na upana wa miale ya protoni pale inapokutana. Wingi hupimwa kwa ampea, upana hupimwa kwa mita. Hakuna hatua inayokudai ujue ni nini hutokea protoni mbili zinapogongana.

Kwanza tuweke namba mezani. Eneo la mgongano hupimwa kwa barni, na barni moja ni 10⁻²⁴ cm². Kwa nishati ya 13 TeV, eneo la migongano ya protoni inayozaa chembe mpya ni takriban milibarni 80. Eneo la kuzalisha chembe ya Higgs ni takriban pikobarni 55, yaani dogo zaidi ya mara bilioni moja. Katika miaka ya 2015 hadi 2018 kigunduzi cha ATLAS kilikusanya data ya femtobarni-kinyume 140.1 (hii ni luminositi iliyojumlishwa kwa muda wote huo: idadi ya matukio kwa kila femtobarni ya eneo), na kosa la kipimo likiwa 1.2, yaani 0.83%. Zidisha 140 kwa femtobarni 55,000 (ndizo pikobarni 55) upate chembe za Higgs zipatazo milioni 7.7. Kosa la asilimia moja tu kwenye luminositi ni chembe elfu 77 ambazo hujui kama zilizaliwa au hazikuzaliwa. Ndiyo maana watu wanahangaika na sehemu za asilimia.

Fomula yenyewe ni fupi:

L = f · n · N₁ · N₂ / (2π · Σx · Σy)

Hapa f ni idadi ya mizunguko kwa sekunde. Pete ya LHC ina mzingo wa kilomita 26.7, na protoni huizunguka mara 11,245 kwa sekunde. Alama n ni idadi ya mafungu ya protoni yanayopishana, N₁ na N₂ ni idadi ya protoni katika kila fungu, na Σx na Σy ni upana wa mpishano, kwa mlalo na kwa wima. Miale miwili ikiwa na umbo la kengele na upana sawa σ, basi Σ ni σ mara kipeuo cha pili cha 2, na kigawanyo kinakuwa 4πσxσy kama vitabu vingi vinavyoandika.

Wape wanafunzi namba za usanifu wa LHC wazijaribu: n = 2,808, N = 1.15 × 10¹¹, σ = mikrometa 16.7. Watapata takriban 1.2 × 10³⁴ kwa cm² kwa sekunde. Kwa kuwa mafungu hayakutani uso kwa uso bali kwa pembe ndogo, kuna kipunguzo cha takriban 0.84, na jibu linashuka hadi 10³⁴, ambayo ndiyo luminositi LHC iliyosanifiwa kuifikia. Mwaka 2018 ilivuka maradufu ya hapo.

Ugumu uko kwenye Σ. Huwezi kuingiza rula katikati ya kigunduzi, ndani ya bomba la ombwe, upime mwale wa mikrometa 16. Vipo vifaa vya kupima upana wa mwale sehemu nyingine za pete, lakini kuuhamisha upana huo hadi kwenye sehemu ya mgongano kunategemea kujua nguvu ya kila sumaku iliyo njiani, na hapo kosa hufika asilimia kadhaa.

Njia ya kutoka aliipata Simon van der Meer huko CERN mwaka 1968, wakati pete za ISR, kigonganishi cha protoni cha zamani, zinatayarishwa. (Huyu ndiye aliyeshirikiana na Carlo Rubbia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1984, kwa kazi nyingine.) Wazo lake: usipime mwale mmoja mmoja. Sogeza mmoja kando ya mwingine hatua kwa hatua, na kila hatua uandike kasi ya matukio, R. Miale ikiwa imetengana kabisa, R ni sifuri. Ikikutana katikati, R iko kileleni. Mchoro wa R dhidi ya umbali δ unakupa upana moja kwa moja:

Σx = (1/√2π) · (eneo chini ya mchoro) / (urefu wa kilele)

Hapa naomba mwalimu usimame na darasa kwa muda mrefu, maana jibu lenu liko hapa. Eneo chini ya mchoro lina R ndani yake, na kilele kina R ndani yake. Ukigawa, R inakatika. Kigunduzi kinachoona 5% ya migongano na kingine kinachoona 50% vitatoa Σ ileile, kwa sababu ufanisi uko juu na chini ya mgawo. Hata mwale si lazima uwe na umbo la kengele. Umbo lolote linakubalika, mradi mlalo na wima visitegemeane (nitalirudia sharti hilo, linasumbua sana). Kwa hiyo katika kipimo hiki matukio hayatumiki kuhesabu migongano. Yanatumika kama taa inayong'aa zaidi miale inapokaribiana, na kinachopimwa ni umbali.

Ukishapata Σx, Σy, N₁ na N₂, unageuka nyuma kumpima mpimaji. Kigunduzi kimeona wastani wa matukio μ kwa kila mpishano pale kileleni. Basi eneo ambalo kigunduzi hicho mahususi kinaliona ni:

σ-onekana = μ · 2π · Σx · Σy / (N₁ · N₂)

Namba hii ndiyo muhuri. Mizani ya sokoni hukaguliwa kwa mawe ya uzito unaojulikana kisha hupigwa muhuri, na baada ya hapo muuzaji hupimia mchele mwaka mzima bila kurudia mawe. Van der Meer ndiye mawe ya mizani. Kuhesabu matukio mwaka mzima ndiko kupima mchele.

Kipimo chenyewe katika LHC huendeshwa katika hali ya pekee, mbali na ya siku za kawaida. Mafungu ni machache, kuanzia makumi hadi mia na kitu, yakiwa yametawanywa ili yasichafuliane. Kila fungu lina protoni kati ya 0.8 na 0.9 × 10¹¹. Miale haibanwi sana: inaachwa na upana wa mikrometa 90 hadi 100, mara nyingi kwa migongano bila pembe. Upana huu mkubwa ni wa makusudi. Kosa la mikrometa moja kwenye mwale wa mikrometa 10 ni janga, lakini kwenye mwale wa mikrometa 100 linavumilika. Tena vitovu vya migongano, ambavyo kigunduzi cha silikoni huviona kwa usahihi wa makumi ya mikrometa, vinaweza kuonyesha umbo halisi la mahali miale inapopishana. Kila mwale husogezwa nusu ya umbali, kuelekea pande tofauti, hadi utengano wa mara sita ya σ upande huu na mara sita upande ule. Hatua ni kama 25, kila moja takriban nusu dakika, kwanza mlalo kisha wima. Kazi hurudiwa mara kadhaa katika mzunguko uleule wa protoni ili kuona kama majibu yanalingana.

Mfano wa kukokotoa, kwa namba nilizochagua zikae karibu na hali halisi: N₁ = N₂ = 0.85 × 10¹¹ na Σx = Σy = mikrometa 130. Basi 2πΣxΣy = 1.06 × 10⁻³ cm², na N₁N₂ = 7.2 × 10²¹. Kila mpishano una luminositi ya 6.8 × 10²⁴ kwa cm². Kigunduzi kikiona μ = 0.163 kileleni, σ-onekana ni 2.4 × 10⁻²⁶ cm², yaani milibarni 24. Kwa kuwa jumla ni takriban milibarni 80, kigunduzi hiki kinaona karibu 30% ya migongano. Lakini angalia: hiyo 80 hatukuihitaji mahali popote. Ni maelezo ya pembeni tu.

Mahali kosa linapojificha

Wingi wa protoni. Mkondo wa mwale mzima hupimwa kwa transfoma za mkondo zilizofungwa kuzunguka bomba. Pete ikijaa, mkondo ni takriban ampea 0.58, siku ya kipimo ni makumi ya miliampea tu. Transfoma moja hupima jumla kwa usahihi, nyingine ya kasi hugawa jumla hiyo kwa kila fungu. Shida ni kwamba si protoni zote zimekaa panapotakiwa. Kila nafasi ya nanosekunde 25 ina vyumba kumi vya mawimbi ya redio vya nanosekunde 2.5, na fungu linatakiwa likae katika kimoja. Protoni zilizohamia vyumba jirani huitwa satelaiti, na zilizozagaa kwenye nafasi zisizotakiwa kuwa na kitu huitwa mizimu. Transfoma inazihesabu, lakini hazigongani inavyotakiwa, kwa hiyo lazima zitolewe. LHCb, kigunduzi kingine cha LHC, hufanya jambo zuri hapa: huingiza gesi ya neoni kidogo sana ndani ya bomba, kisha huhesabu migongano ya protoni na gesi wakati nafasi zilizotakiwa kuwa tupu zinapopita. Mwaka 2010, LHC ilipoanza, kosa la luminositi ya ATLAS lilikuwa 11%, na karibu lote lilitoka kwenye mkondo wa umeme. Leo sehemu hiyo imeshuka hadi sehemu ndogo ya asilimia.

Urefu wa hatua. Chumba cha uongozaji kikisema "nimesogeza mikrometa 100", ni nani aliyethibitisha? Sumaku zinazosogeza mwale zinaweza kudanganya kwa sehemu ya asilimia, na kosa hilo huingia mara mbili, kwa Σx na kwa Σy. Dawa ni kusogeza miale yote miwili pamoja kuelekea upande mmoja, kisha kutazama vitovu vya migongano vimehamia wapi kwa mujibu wa kigunduzi cha silikoni. Hapo rula ya kweli ni silikoni, ambayo vipimo vyake vinajulikana vizuri zaidi kuliko sumaku. Asiyefanya hatua hii asidai usahihi wa 1%.

Kutangatanga kwa mwale. Kipimo huchukua dakika nyingi, na njia ya mwale inaweza kuhama mikrometa kadhaa yenyewe. Ikihama wakati unapima mlalo, mchoro wako hunyooshwa au hubanwa bila wewe kujua. Vipima-mahali vilivyo pande zote mbili za kigunduzi hufuatiliwa muda wote na hatua husahihishwa.

Mlalo na wima kutegemeana. Fomula ilichukulia kwamba umbo la mwale linagawanyika kuwa la mlalo mara la wima. Mwale halisi unaweza kuwa na kiini chembamba na mkia mpana, au kuinama kidogo, na hapo kupima kwa mistari miwili tu, msalaba, hukupa jibu potofu hata kama kila mchoro unapendeza macho. Katika vipimo vya mwaka 2012 jambo hili lilileta makosa ya asilimia kadhaa. Suluhisho lilikuwa la pande mbili: kuandaa protoni kwa uangalifu zaidi katika mitambo inayolisha LHC ili mafungu yakaribie umbo la kengele, na kuongeza vipimo vya pembeni na vya mshazari, ambapo miale husogezwa mlalo ilhali tayari imetenganishwa kwa wima. Kwa maoni yangu hiki ndicho kikwazo kigumu kuliko vyote, kwa sababu mchoro mzuri hauonyeshi dalili ya ugonjwa.

Miale kusukumana. Protoni zina chaji, hivyo fungu moja husukuma jingine. Kusukumana huko hubadili utengano kwa kiasi cha mikrometa, na pia hubadili upana wa mwale, kwa viwango vinavyotofautiana kadiri unavyosogeza. Masahihisho haya mawili yanavutana pande tofauti na kupunguzana kwa sehemu. Ukilisahau moja, ni bora ungesahau yote mawili.

Kutoka siku ya kipimo hadi mwaka mzima

Siku ya kipimo wastani ni nusu ya mgongano kwa kila mpishano, na mafungu ni machache. Siku za kazi, mafungu ni zaidi ya 2,000, yamepangwa kwa misururu, na kila mpishano una migongano 30 hadi 60. Je, kigunduzi bado kina muhuri uleule? Mara nyingi hapana, na katika matokeo ya ATLAS ya 2015 hadi 2018 uhamisho huu peke yake ulichangia takriban 0.5% ya kosa.

ATLAS hutegemea zaidi kigunduzi kiitwacho LUCID, mirija ya kukuza mwanga iliyowekwa mita 17 kila upande wa mgongano. Chembe zikipita kwenye madirisha yake ya kwatzi hutoa mwanga wa Cherenkov. Mirija huchoka kwa kupigwa na chembe, kwa hiyo kila mmoja una kiasi kidogo cha bizmuthi-207 inayotoa elektroni za nishati inayojulikana. Kwa kutazama ukubwa wa ishara hiyo, volti hupandishwa kurudisha nguvu ya mrija. Hata hivyo katika migongano mingi LUCID husoma juu kwa asilimia kadhaa, na husahihishwa kwa kulinganishwa na idadi ya nyayo za chembe katika kigunduzi cha silikoni, huku kalorimita (vifaa vya kupima nishati ya chembe) zikiwa shahidi wa tatu. CMS, kigunduzi kingine kikubwa cha LHC, ina mashahidi wake: darubini za pikseli, hesabu ya vikundi vya pikseli, na kalorimita ya mbele. Vigunduzi viwili vya teknolojia tofauti vikitofautiana kadiri miezi inavyopita, kimoja kinazeeka, na kazi ni kujua kipi.

Liko pia tatizo la hesabu yenyewe. Kigunduzi kinachojibu "nimeona kitu" au "sijaona" hakiwezi kutofautisha mgongano mmoja na mitano katika mpishano uleule. Kwa hiyo huhesabiwa mipishano mitupu, na kwa kanuni ya Poisson uwezekano wa utupu ni e⁻μ, basi μ = −ln(sehemu iliyo tupu). Chukua dakika moja: fungu hupishana mara 674,700. Ikiwa μ inayoonekana ni 10, utapata mipishano mitupu kama 31, ambayo ukijumlisha mafungu yote inatosha. Ikiwa ni 20, unategemea 0.0014, yaani hakuna, na logarithimu ya sifuri haina jibu. Hii ndiyo sababu kigunduzi chenye macho makali mno hakifai kazi hii, na sababu ya kuhamia kwenye kuhesabu idadi ya alama badala ya ndiyo na hapana. Zaidi ya hapo, viini vya atomi vilivyosisimuliwa na migongano huendelea kutoa fotoni baadaye, na kuchafua hesabu ya nafasi zinazofuata. Mabaki hayo hupimwa kwenye nafasi iliyotangulia fungu na kutolewa.

Vigonganishi vya elektroni na positroni hukata duara kwa namna nyingine kabisa. Kule kuna mgongano mmoja, wa Bhabha, ambapo elektroni na positroni hupotoshana kwa pembe ndogo, na eneo lake linakokotolewa kwa nadharia ya umeme na sumaku kwa usahihi mkubwa. Unahesabu matukio hayo na kugawa kwa namba ya nadharia. Katika LEP, kigonganishi cha aina hiyo kilichokuwa CERN kabla ya LHC, kigunduzi cha OPAL kilifikia kosa la majaribio la 0.034%. Hata hivyo mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba kusukumana kwa mafungu kulikuwa kumepotosha pembe za elektroni zenyewe, na luminositi ya LEP ilikuwa imekadiriwa chini kwa takriban 0.1%. Baada ya kusahihisha hilo, pamoja na kuboresha hesabu ya Bhabha, idadi ya aina za neutrino, ambayo hukokotolewa kwa kutumia luminositi hiyo, ilitoka 2.984 hadi 2.996, karibu kabisa na 3. Data ilikuwa na zaidi ya miaka kumi na minane tangu LEP izimwe.

Kwa darasa lako: CERN imeweka wazi data ya CMS pamoja na majedwali ya luminositi yake. Kila mstari ni kipande cha sekunde 23.3, ambacho ni mizunguko 262,144 ya protoni, na kina safu mbili, luminositi iliyotolewa na mashine na ile iliyorekodiwa na kigunduzi. Wanafunzi wajumlishe safu ya pili, na kwa vipande vilivyothibitishwa kuwa vizuri pekee. Wakijumlisha ya kwanza, kila eneo la mgongano watakalokokotoa litatoka dogo kuliko lilivyo, na hawataona kosa hilo kwenye mchoro wowote.